Mabuti ya Ukaguzi

Jiwe la kusugulia miguu nililificha ndani ya gunia la vipande vya vitambaa, chini kabisa, mahali ambapo baba hawezi kuinama akafika. Wembe niliuviringisha kwenye karatasi nikaenda kuutupa mbali na nyumbani. Mama aliponikuta napekua mto wa baba alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Unamsaka mzazi wako kama mwizi wa kuku?"

"Mwizi wa kuku angekuwa na unafuu, mama. Huyu ni askari."

Rufaa ya baba ilikuwa inasikilizwa wiki hiyo, na mimi sikutaka aiguse miguu yake. Aiache na magamba yake, na sugu zake za manjano, na nyufa zinazoweza kumeza punje ya mchele. Mara ya kwanza, Ofisi ya Mafao ya Askari Wastaafu ilipomtuma kwa daktari wao, alijifungia bafuni jioni iliyotangulia na ndoo ya maji moto. Akaloweka, akasugua, akakwangua, akakata kucha, akapaka mafuta na kumalizia kwa poda. Alikwenda kwa daktari na miguu ya bibi harusi. Daktari akaandika alichokiona: ngozi ya nyayo ni nzuri, kucha ni safi, mzee anatembea bila msaada. Ofisi nayo ikajibu kwamba haioni ulemavu, na hata kama upo, haina ushahidi kwamba ulianzia jeshini.

"Sasa baba, kwa nini uliisafisha?" nilimuuliza siku ile, jibu la Ofisi likiwa mkononi.

Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Si ilikuwa inakwenda kukaguliwa?"

Lazima mtu aelewe kikosi chao kilivyokuwa. Walikaa kwenye kinamasi msimu mzima wa mvua, wanalala wamekaa, mabuti hayakauki, ngozi inatoka pamoja na soksi. Kila asubuhi sajini wao alipita na fimbo akikagua nyayo. "Miguu yenu ni mali ya serikali," alikuwa akiwaambia. "Anayeiharibu mali ya serikali anashtakiwa." Mwenye kidonda aliandikiwa uzembe, na adhabu yake ilikuwa lindo la ziada, ndani ya maji yale yale. Basi vijana wakajifunza. Walikwangua nyama iliyooza, wakapaka mafuta ya bunduki, wakasimama wima mbele ya sajini, wakapita. Hakuna aliyekwenda zahanati ya kambi. Ndiyo maana leo, ukitafuta kumbukumbu za zahanati ile, utadhani kikosi kizima kilipigana vita kikiwa kimevaa ndala ufukweni.

Baba ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika kupita. Walimpa jina la Chuma, na mtaani kwetu mpaka leo watu wengi hawalijui jina lake jingine.

Chuma sasa hana miguu. Anayo, lakini imekufa ganzi mpaka kwenye vifundo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapo hapo sebuleni, na pini zangu huanguka. Siku moja jioni, nikimvua soksi, nilikuta pini imezama kwenye kisigino chake hadi kichwani. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi. Nilipoichomoa aliuliza, "Umepata nini, Koplo?" Koplo ni mimi, tangu nikiwa mtoto wa kushika kona ya shati lake.

Chini ya kidole gumba cha kushoto kuna kidonda ambacho hakitaki kufunga. Daktari wa zahanati ya mtaani alikichungulia kwa tochi, akanivuta pembeni, akaniambia bila kuzunguka: kinaelekea kwenye mfupa. Hospitali ya maveterani wana matibabu yake, na wana viatu vinavyotengenezwa kwa umbo la mguu wa mtu. Lakini getini pale haingii ila yule ambaye Ofisi imemtambua kuwa aliumia kazini. "Pambaneni na rufaa," alisema. "Mkishindwa, tutakuja kuongea habari ya kukata."

Ndiyo maana nililificha jiwe lile. Nilikuwa naulinda uchafu wa miguu ya baba yangu kama mtu anavyolinda mahari.

Nilimshonea makubazi ya blanketi, mapana, yenye soli ya sponji ya godoro, wazi kwa mbele ili vidole vyake vilivyokunjamana vipumue. Hayo ndiyo atakayovaa mbele ya jopo, nilisema. Alikubali shingo upande. Kisha tukaanza mazoezi. Jioni, baada ya kufunga cherehani, mimi nilikaa nyuma ya meza ya kukatia vitambaa nikawa mwenyekiti wa jopo. Mama akawa daktari, na miwani yangu puani.

"Mzee, miguu yako inakusumbuaje?" niliuliza kwa sauti nzito.

"Naendelea vizuri, afande."

"Baba!"

"Nimezoea."

"Umezoea nini? Kusema uongo?" Mama aliingilia kati, miwani ikimteleza. "Mbona mimi usiku wa manane unaniambia inawaka moto? Au mimi ndiye mwongo, baba watoto?"

"Wewe ni mke wangu. Yule ni mkubwa."

"Haya, mimi leo ndiye mkubwa. Sema."

Tulirudia kila jioni. Alikuwa anakwama, anakohoa, anaangalia ukuta. Lakini jioni ya mwisho alikaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya magoti, akasema bila kuulizwa mara mbili: "Mchana siisikii kabisa. Naweza kukanyaga moto nisijue. Usiku ndiyo inaamka, inawaka, nalia kimya kimya mke wangu asisikie. Kidonda cha kushoto hakifungi. Ilianzia kwenye kinamasi. Sikuripoti kwa sababu walioripoti waliadhibiwa."

Mama alivua miwani. Mimi nilitazama mkasi wangu. Baba akauliza, "Nimepatia?" nasi wote watatu tukacheka kwa mpigo. Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyekwisha kushinda.

*

Ukumbi wa rufaa ulikuwa ghorofa ya chini, ashukuriwe aliyeupanga hapo. Nje yake kuna korido ndefu yenye mabenchi ya mbao, na wazee wamekaa wamejipanga, kila mmoja na bahasha yake ya khaki. Baba alikuwa amevaa suruali niliyoipiga pasi mwenyewe, na makubazi yangu ya blanketi. Alikuwa ameivuta miguu chini ya benchi kama mtoto aliyejikojolea.

Shahidi wetu alikuwa ametangulia. Karani wa rufaa, dada mmoja mpole mwenye kikohozi, alikuwa amenieleza mapema: kama zahanati ya kambi haina kumbukumbu, leteni mtu aliyekuwa naye pale. Alibaki mmoja tu. Tunamwita Mluzi, kwa sababu meno ya mbele aliyaacha jeshini na kila neno lake linatoka na upepo. Kwangu ni baba mdogo, ingawa hatuna damu moja.

"Koplo wetu!" alisema. "Unamtesa ndugu yangu. Unamleta mbele ya jopo na matambara miguuni?"

"Baba mdogo, leo usinianze. Unakumbuka utakachosema?"

"Nitasema ukweli mtupu."

"Kwamba miguu yake ilioza."

"Ilioza, jamani! Ilinuka mpaka mbwa wa kambi alihama." Alicheka, upepo ukatoka. Karibu naye, sakafuni, kulikuwa na mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Niliuona. Nilidhani ni chakula chake.

Baba aliomba kwenda msalani. Mluzi akasema atamshika mkono, na mfuko akauchukua. Nilibaki nikipanga karatasi zetu: barua ya daktari wa mtaani, picha nilizozipiga za kidonda. Karani alipita, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa taratibu.

"Daktari huyu hayumo katika orodha ya Ofisi, dada. Watazipokea, lakini hazitakuwa na uzito. Watakachoamini ni macho yao. Na uombe Mungu waone leo, kwa sababu juu ya jopo hili hakuna pengine pa kwenda."

"Wataona," nilisema.

Ndipo niliposikia kishindo. Ko, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya saruji. Wazee wote kwenye mabenchi waligeuza shingo. Baba alikuwa anakuja katikati ya korido, kifua mbele, kidevu juu, na miguuni amevaa mabuti. Mabuti yake ya jeshi, yale niliyodhani mama aliyagawa zamani, meusi, yanang'aa kiasi cha kuiona taa ya dari ndani yake. Makubazi yangu yalikuwa ndani ya rambo, kwapani mwa Mluzi.

"Vua," nilimwambia.

"Koplo..."

"Vua, baba. Sasa hivi. Kidonda chako kimo mle ndani!"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo!"

Mzee mmoja benchini akasema, "Mwache, binti. Kwenda mbele ya wakubwa na kandambili ni kuwadharau." Mwingine akaitikia. Mluzi alikuwa anaangalia dari. "Aliniomba niyapige rangi," alisema. "Wewe ungemnyima?"

Nilipiga magoti pale pale nikashika kamba. Baba amezifunga fundo la kijeshi, kamba zimezungushwa mara mbili juu ya kifundo na ncha zimefichwa ndani. Sijafika popote, mlango ukafunguliwa na karani akaita namba yetu.

*

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti, mwanajeshi mstaafu, nywele amezikata chini kabisa, sauti yake inafika kabla yake. Kulia kwake daktari, mama wa makamo mwenye macho ya huruma, huyo nilimtegemea. Kushoto, kijana anayeandika. Feni ilikuwa inazunguka kwa kukwaruza.

"Karibuni," alisema mwenyekiti. "Ndugu zangu mnaweza kukaa. Binti, wewe unasikiliza tu, tukikuhitaji tutakuuliza."

Walianza na shahidi. Mluzi alisimama, akabana visigino.

"Ulikuwa naye kwenye kinamasi?"

"Bega kwa bega, afande."

"Miguu yake ilikuwaje?"

"Ilioza, afande! Nyama ilikuwa inabanduka." Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Ningekuwa na gundi ningemziba mdomo hapo hapo. Lakini Mluzi alikuwa amepata wasikilizaji, na aliyekuwa anamsifia ni rafiki wa maisha yake. "Sasa sikiliza, afande. Sisi wote tulilia. Mimi nililia. Huyu? Hakulia hata mara moja. Hakukosa lindo. Hakukosa gwaride. Alinibeba mimi mgongoni, mimi mzima hivi, kutoka kwenye maji mpaka barabarani, kwa miguu hiyo hiyo. Hakuwahi kuchechemea! Ndiyo tukamwita Chuma."

"Hakuwahi kuchechemea," alirudia mwenyekiti, na yule kijana akaandika.

"Kamwe, afande! Mpaka leo!"

Mluzi alikaa, amejaa fahari, akanikonyeza. Sikuwa na pa kuyapeleka macho yangu.

Mwenyekiti alimgeukia baba, na uso wake ukalainika. Hilo ndilo lililotumaliza. Angekuwa mkali, labda baba angeudhika, na akiudhika huwa anasema. "Mzee wangu," alisema, "nimesoma habari za kikosi chenu. Sisi tulioingia baadaye tulifundishwa kwa mfano wenu. Hebu simama tukuone."

Baba alisimama.

"Hatua chache tu. Mpaka dirishani na kurudi." Halafu, kwa utani, kwa mapenzi kabisa, akaongeza ile sauti ya uwanjani: "Mbele, tembea!"

Niliona mgongo wa baba ukinyooka kama mtu amemvuta kwa uzi kutoka darini. Mkono ulitoka, mguu ukatoka, na mabuti yakaipiga sakafu. Alikwenda mpaka dirishani, akageuka kwa kisigino, kisigino kile kile cha pini, akarudi, akasimama mbele ya meza bila kuyumba. Sijawahi kuona mtu akitembea vizuri vile. Hata feni ilikuwa kama imenyamaza.

"Unasikia maumivu?" aliuliza daktari.

"Hapana, afande."

Na ilikuwa kweli. Mchana miguu ile haisikii kitu.

"Usiku je?" Daktari hakuwa mjinga. Aliinama mbele. "Usiku unalala vizuri, baba?"

Baba alifungua mdomo. Nikaona midomo yake ikitafuta maneno ya jioni ile, mchana siisikii, usiku ndiyo inaamka. Nikayatamka naye kimoyomoyo. Macho yake yalikwenda kwa daktari, yakaenda kwa mwenyekiti, yakaganda.

"Naendelea vizuri, afande. Nimezoea."

"Mvueni viatu!" Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Daktari, nakuomba, mvue viatu uone!"

"Binti," alisema mwenyekiti.

"Ana haki," daktari alisema. "Mzee, tuangalie miguu kidogo."

Baba aliinama. Mikono yake ilifika kwenye kamba ikaishia hapo. Mguu ulikuwa umevimba ndani ya buti, ngozi ya buti imekaza kama ngoma, na fundo lake mwenyewe likamgomea. Alivuta. Alivuta tena. Jasho lilidondoka juu ya ile rangi nyeusi. Nilikwenda, nikapiga magoti mbele yake, nikashika kamba.

Alinishika mikono yote miwili.

"Hapana," alisema chini chini. "Si mbele yake, mwanangu. Mtoto hanivui viatu mbele ya mkubwa."

"Baba, dakika moja tu."

"Usiniaibishe."

Angenipiga kofi ningevumilia, ningeendelea kufungua. Lakini alikuwa ananiomba. Tangu nizaliwe baba hakuwahi kuniomba kitu. Vidole vyangu vikalegea.

"Basi, basi," alisema mwenyekiti. "Tusimdhalilishe mzee. Ripoti ya daktari wetu tunayo, inasema nyayo ziko katika hali nzuri, na tumejionea." Alimtazama daktari. Daktari alinitazama mimi, akatazama rundo la majalada lililobaki mezani, akateremsha macho. Waliinamiana wakanong'onezana. Haikuchukua muda.

Walimshukuru kwa utumishi wake. Walisema taifa halitamsahau. Walisema rufaa imekataliwa, na kwamba uamuzi huo ni wa mwisho.

"Asante, afande," alisema baba.

*

Alifika kwenye benchi la korido kabla ya kuanguka. Hakuanguka hasa, alikaa ghafla, na uso wake ukawa rangi ya majivu. Mluzi alisimama kando ameukumbatia ule mfuko. Upepo wote ulikuwa umemtoka.

"Nilimsifia sana?" aliniuliza.

Hakuna neno hata moja alilosema ambalo si kweli.

Nilikaa sakafuni, nikapakata mguu wa kushoto. Chini, pale soli inapoungana na ngozi, kulikuwa na unyevu mwekundu unaotoka kidogo kidogo. Nilifungua mkoba wangu nikatoa mkasi wa kazi.

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Wale watatu walikuwa wanakwenda kunywa chai. Nikawaza: sasa. Sasa wataona, hata kama wamekwisha kuamua, daktari ataona damu, macho yake yale hayawezi kupita tu. "Daktari!" niliita.

Mguu ukanitoka mikononi. Baba alikuwa amesimama. Wazee wote kwenye mabenchi walikuwa wamesimama, korido nzima, kila mmoja na maradhi yake, mikono ubavuni. Mwenyekiti alipita katikati yao akiinamisha kichwa kwa heshima, huku na huku. Daktari alipunguza mwendo alipofika kwetu. Baba aliurudisha mguu wa kushoto nyuma ya ule wa kulia, taratibu, mpaka doa likafichika.

"Mtunze sana," daktari aliniambia. "Mzee wako bado imara."

Walipokata kona, alikaa tena. Safari hii nilimsaidia kukaa, na Mluzi akamshika upande wa pili. Niliingiza ncha ya mkasi chini ya kamba.

"Unafanya nini?"

"Buti halitoki, baba. Nalikata."

"Usikate." Alifunika buti kwa viganja vyake vyote viwili. "Mabuti hayo nitayahitaji."

"Ya nini?"

"Siku wakiniita tena," alisema. "Safari ijayo nitasema yote, Koplo. Leo nilishtukizwa tu. Safari ijayo nitasema kama nilivyosema nyumbani."

Nilimtazama Mluzi. Mluzi aligeukia ukutani. Karani alitoka na karatasi yake, akakohoa, akaita namba nyingine, na mzee aliyesema kandambili ni dharau akanyanyuka, akanyoosha koti, akaingia akiwa wima kabisa.

"Sawa, baba," nilisema.

Niliurudisha mkasi mkobani. Kamba moja ilikuwa imelegea kidogo pale nilipoivuta, naye akaniomba niikaze, kwa sababu mpaka getini kuna watu. Nikaikaza, mara mbili juu ya kifundo, ncha nikazificha ndani, kama alivyonifundisha mwenyewe nilipokuwa mdogo.